Adapta za kaseti za ng'ambo: mwongozo kamili kwa mtu wa Mombasa anayetaka kukusanya

Mimi nilianzia kwenye droo ya nyanyangu, Majengo. Mle ndani mlikuwa na kaseti za tivigemu kumi na moja, nyingi za manjano, nyekundu mbili, na ile moja iliyoandikwa gemu elfu tisa na kitu ambayo wewe na mimi twajua ni gemu saba tu zinajirudia zimebadilishwa rangi. Utotoni zote tuliziita za Kichina, hakuna aliyejali zaidi ya hapo. Miaka ikaenda, binamu yangu akaja likizo kutoka Marekani na NES ya kweli, mashine ya gemu ya Nintendo, lile boksi la kijivu, nikakimbia na kaseti zangu nizichomeke. Hazikuingia. Nikageuza, nikapuliza, wapi. Hapo ndipo nikajua kuna kitu kinaitwa adapta, kile kipande cha kati kinachoiwezesha kaseti ya nchi moja kucheza kwenye mashine ya nchi nyingine, na leo ninazo ishirini na tatu, mke wangu ameshaacha kuuliza.

Basi nimeamua kuandika yote niliyojifunza, manake kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile moja. Hii sio ya emyuleta, ile programu inayoigiza mashine ya gemu, hiyo simu yako yatosha. Hii ni ya yule anayetaka kaseti ya kweli kwenye mashine ya kweli, na kaseti imetoka nchi moja na mashine nchi nyingine.

KWA NINI KASETI INAKATAA

Kila mtu hapa anaijua redio ya gari la Japani. Gari lashuka bandarini Kilindini, zuri, lang'aa, unawasha redio inaishia 90, stesheni unazozitaka ziko juu ya hapo, basi unaenda unawekewa ekspanda. Redio haijaharibika, imetengenezewa masafa ya kwao, 76 hadi 90. Kaseti ni vivyo hivyo na adapta ndio ekspanda yako.

Lakini kaseti inaweza kukataa kwa sababu tofauti tofauti na hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Kuna kukataa kwa umbo, yaani plastiki tu ndiyo inagombana, ndani waya ni zilezile. Kuna kukataa kwa kufuli, yaani kuna chipu ndani ya mashine inayouliza kaseti "wewe ni wa wapi?" na isipojibiwa vizuri inaizima. Halafu kuna umeme na tivi, ambazo adapta haziwezi kukusaidia hata uinunue ya dhahabu. Ukiijua kaseti yako inakataa kwa lipi, umeshajua ununue nini, na mara nyingine utagundua huna haja ya kununua chochote, unahitaji koleo tu.

HATUA YA KWANZA: HESABU MENO

Toa ulichonacho chote weka mezani, washa taa nzuri, hesabu yale meno ya dhahabu chini ya kaseti, mbele na nyuma. Mimi hutumia kijiti cha meno nisipoteze hesabu.

Thelathini mbele thelathini nyuma, hiyo ni 60, ni umbo la Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983. Na sasa ndio ujue, zile tivigemu zetu za utotoni zilikuwa kopi za Famicom, ndio maana kaseti zake zina pini 60, pini ndio hayo meno. Kwa hiyo sisi tumelelewa na umbo la Japani bila kujua, na NES ya Mmarekani ndiyo mgeni kwetu. Ukikuta 36 kila upande, hiyo ni 72, ni NES, Nintendo walipoipeleka Marekani 1985 walibadilisha boksi, kaseti, kila kitu.

32 kila upande ni Mega Drive, mashine ya Sega. Super Nintendo ni ya kuangalia vizuri zaidi: kaseti za kawaida zina meno 23 kila upande katikati peke yake, na nyingine zina vimeno vinne zaidi kwenye kila pembe, ambayo jumla inakuwa 62. Andika kwenye daftari ipi ni ipi, hivyo vimeno vya pembeni vitakuja kukusumbua baadaye.

HATUA YA PILI: UMEME KABLA YA ADAPTA

Hapa ntakaa kidogo manake nimeshalia.

Soketi yetu ni volti 240. Mashine ya Marekani imekuja na transfoma yake ya 120, ya Japani ni 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani transfoma inakufa papo hapo, na ukiwa na bahati itakufa peke yake. Hiyo wengi wanaijua. Wasilolijua ni kwamba upande wa pili nako, ule waya unaoingia kwenye mashine, kuna mtego. NES ya Marekani inakula volti 9 za AC, umeme unaogeukageuka upande. Famicom inakula volti 10 za DC, umeme wa upande mmoja, miliampea 850, na ile ncha ya ndani ni hasi. Plagi inaingia! Inaingia vizuri kabisa. Mimi nilitoa ya NES, nikaiweka transfoma ya kushusha kama mtu mwenye akili, nikachomeka kwenye Famicom niliyopewa na jamaa mmoja wa magari, aliyeikuta kwenye buti ya gari. Sekunde kumi, ikatoka harufu kama pweza aliyesahaulika jikoni. Famicom ya 1983 hiyo, imevuka bahari salama kuja kuuliwa Majengo.

Kwa hiyo soma kibandiko, sio plagi. Super Famicom, ndiyo Super Nintendo ya Japani, inatumia umeme sawa na Famicom. Super Nintendo ya Ulaya inataka AC volti 9, ni kinyume kabisa. Mega Drive ya kwanza ndani hasi, Mega Drive ya pili ndani chanya na plagi yake ni nyingine. Ukipata adapta ya umeme ya kisasa inayokubali 100 hadi 240 na inatoa volti na upande unaotakiwa, nunua hiyo uachane na matransfoma mazito.

Tivi sasa, haraka haraka. Sisi ni PAL, Japani na Marekani ni NTSC, yaani mifumo miwili tofauti ya picha ya tivi. Tivi ya mgongo ya zamani inaweza kukupa picha nyeusi na nyeupe au picha inayopanda kama lifti. Flati nyingi za siku hizi zinakubali zote mbili kupitia ile soketi ya AV ya manjano. Ila Famicom ya kwanza haina AV, ina waya wa antena peke yake na chaneli zake ni za Japani, hiyo itakubidi fundi aiwekee AV, au utafute ile Famicom ya 1993 ambayo imekuja na AV yake. Na mashine ya Ulaya inaendesha gemu kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, karibu asilimia 17 polepole, ndio maana wale waliocheza Sonic kwa binamu zao London wakija wakicheza ya Marekani wanasema huyu Sonic amekunywa nini.

HATUA YA TATU: ANZA NA 60 NA 72

Ukiniuliza uanze na adapta gani, anza na hizi mbili, manake kaseti za pini 60 ziko mitaani kwetu bado, kwenye droo za nyanya, Kongowea upande wa mitumba, na hata kwa mafundi wa zamani wanaozitupa.

Ya kutoka 72 kwenda 60, yaani kaseti ya NES ya Marekani uichezeshe kwenye Famicom au tivigemu, ndiyo rahisi. Famicom haina kufuli, haiulizi mtu pasipoti. Adapta yenyewe ni ubao na waya tu. Lakini kuna kisa, na nakisimulia manake kimewapata wengi. Yangu ya kwanza niliagiza, ikafika, nikachomeka, picha safi kabisa. Sauti hakuna. Nikadhani tivi. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tivi, nikaenda kwa jirani. Kimya. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa redio Bondeni, mzee mmoja asiyejua hata Mario ni nani, akaniuliza swali moja tu: "Sauti yapita wapi?" Nikamwambia mzee si inatoka kwenye mashine inaenda kwenye tivi. Akasema haya tuone.

Kumbe kwenye Famicom ya asili sauti haiendi moja kwa moja. Inatoka kwenye mashine kupitia pini ya 45, inaingia kwenye kaseti, inarudi kupitia pini ya 46, ndio iende kwenye tivi. Walifanya hivyo ili kaseti iweze kuongeza sauti zake njiani. Kaseti ya kawaida imeziunganisha hizo pini mbili tu, basi. Kaseti ya NES haina njia hiyo kabisa, kwa hiyo lazima adapta ndiyo iziunganishe, na aliyetengeneza yangu alisahau. Mzee alichukua unywele mmoja wa waya wa shaba, akaulehemu kati ya 45 na 46, tone mbili za risasi, dakika mbili. Mario akaruka akalia. Mzee akanitoza mia moja, akarudi kwenye redio yake.

Basi adapta ya 72 kwenda 60 ukiinunua, jambo la kwanza geuza ubao angalia 45 na 46 zimeungana. Ukiwa na mita ya umeme weka kwenye mlio, gusa zote mbili, ikilia uko sawa.

Ya kutoka 60 kwenda 72 sasa ni mambo mengine. NES ina kufuli. Chipu moja ndani ya mashine na pacha wake ndani ya kila kaseti, zinazungumza muda wote, zikipishana mashine inajizima na kujiwasha kila sekunde, ile taa nyekundu inayokonyeza. Kaseti ya Famicom haina pacha huyo, kwa hiyo adapta lazima iwe naye. Adapta ya bei rahisi isiyo na chipu itafanya kazi tu kwenye NES ambayo kufuli lake limelemazwa, fundi huinua mguu wa 4 wa chipu ya mashine, au kwenye ile NES ndogo ya 1993 ya kuchomeka juu ambayo haikuwekewa kufuli. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji sio "inafanya kazi?", atakwambia inafanya. Muulize "ina chipu ya kufuli, na ya nchi gani?" Manake ya Marekani na ya Ulaya hazielewani.

Na hapa ndio penye utamu kwa mkusanyaji. Mwaka 1985 Nintendo walikuwa na haraka, basi baadhi ya gemu za mwanzo za NES walizitengeneza kwa kuchukua ubao wa Famicom wa pini 60 wakautia adapta ndogo wakaufunga ndani ya boksi la kaseti ya kijivu. Adapta ya Nintendo wenyewe, na chipu yake ya kufuli, imejificha ndani ya gemu! Inayojulikana zaidi ni Gyromite, ile iliyouzwa na roboti. Sio kila Gyromite inayo. Dalili: kaseti ni nzito kidogo kuliko wenzake, na ukichungulia mdomoni unaona ubao mfupi umekaa kivyake. Shikilia nyingine mkono wa pili ulinganishe uzito. Mimi nimepata moja tu maishani, kupitia binamu yuleyule, na nilikaa wiki nzima nikiiangalia nikijiuliza niifungue au niiache. Nilifungua. Wengine watanitukana na wana haki yao.

Kuna jambo la sauti tena. Gemu chache za Famicom zina chipu za kuongeza sauti, mfano ile Castlevania ya tatu ya Japani ya 1989, muziki wake ni mwingine kabisa na wa Marekani. Kwenye NES zile sauti za ziada hazisikiki isipokuwa adapta imezipitisha na umeweka rezista ndogo kwenye soketi ya chini ya mashine, ile iliyofunikwa ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Kama husikilizi muziki wa gemu kwa makini, pita.

Mawili ya mwisho hapa. Moja, unene wa ubao. Kaseti ya asili ubao wake ni kama milimita 1.2, adapta nyingi rahisi zimekatwa kwenye ubao wa 1.6, zinapanua vile vimeno vya ndani ya mashine, baadaye kaseti zako za kawaida zinalegea na unaanza kulaumu mashine. Weka adapta kando ya kaseti ya asili, tazama kwa ubavu, jicho litakwambia. Mbili, adapta nyingine hazina kizuizi, kaseti ya 60 inaingia hata kinyumenyume, na ukiwasha hivyo waweza kuichoma. Chora mshale kwa mak-peni siku ileile umeipata. Usiseme ntakumbuka.

HATUA YA NNE: SUPER NINTENDO

Kabla ya kununua chochote jua hili: Marekani na Japani zina kufuli moja. Ugomvi wao ni plastiki tu. Ndani ya mdomo wa mashine ya Marekani kuna vijino viwili vya plastiki vinavyozuia kaseti ya Super Famicom, ukivikata kwa koleo taratibu kaseti inaingia na inacheza. Nimeona mtu ameuziwa adapta elfu nne kwa kazi ya koleo ya mia mbili. Ila kama hutaki kuumiza mashine nakuelewa, nunua kile kiinuzi cha plastiki kinachoinua kaseti juu ya vijino, lakini ulipe bei ya plastiki.

Ulaya ndiyo tofauti. Kaseti ya Japani inaingia kwenye mashine ya Ulaya bila shida, umbo ni moja, halafu hupati kitu, kiza. Hapo ni kufuli. Adapta zake zina midomo miwili, mbele unaweka gemu ya ng'ambo, nyuma unaweka gemu yoyote ya nchi ya mashine ili ijibu maswali ya mlangoni, kama vile umekwenda harusi na mtu anayejulikana. Kaseti ya nyuma haichezwi, inatoa jina tu. Tafuta gemu ya mpira ya bei ya kutupa ikae hapo daima.

Sasa vile vimeno vya pembeni ulivyoandika kwenye daftari. Gemu kama Star Fox na Super Mario RPG zina chipu za ziada ndani na zinatumia meno yote 62. Adapta rahisi nyingi zimeunganisha 46 za katikati tu, kwa hiyo Star Fox haitawaka na muuzaji atasema kaseti yako mbovu. Angalia mdomo wa adapta, kama pembeni hakuna vyuma, hiyo ni ya gemu za kawaida tu. Bado ni nzuri, ila ujue. Na gemu nyingine za miaka ya mwisho zinapima kama mashine ni ya 50 au 60, zikikuta sivyo zinatoa ujumbe kuwa hii haikutengenezewa mashine yako, hapo adapta imefanya kazi yake yote na imeshindwa, labda swichi ya kubadilisha 50 kwenda 60.

HATUA YA TANO: NYINGINEZO, KWA MWENDO

Nintendo 64: Japani na Marekani ni plastiki tena, vishimo vya nyuma ya kaseti havilingani na trei ya mashine, watu wanabadilisha trei au mgongo wa kaseti. Ulaya inahitaji adapta yenye gemu ya nyuma kama ile ya Super Nintendo, na kuna gemu chache, mfano Jet Force Gemini na Banjo-Tooie, zenye kufuli la aina nyingine ambazo zitagoma ukiweka gemu ya nyuma yoyote tu.

Mega Drive: kaseti ya Japani ni pana na ina mabega ya mviringo, ya Marekani haina ule mkato unaohitajika na ile klipu ya mashine ya Japani inayoishika kaseti ukiwasha. Gemu za mwanzo hazijali ni nchi gani, zile za kuanzia 1993 hivi nyingi zinauliza. Action Replay ya zamani, ile kaseti ya kati ya kuchezea gemu kwa ujanja, inaweza kufanya kazi mbili, kiinuzi na kudanganya nchi.

PC Engine, mashine ya NEC: gemu zake ni kadi, nyembamba kama ya benki. Ya Japani na ya Marekani zinafanana ukubwa na zinaingia vizuri, lakini laini nane za data zimepangwa kinyume, ya kwanza imekuwa ya nane. Adapta yake kazi yake ni kuzigeuza tu. Naipenda kwa ule ujinga wake.

Kuna adapta pia ambazo sio za nchi kwa nchi bali mashine kwa mashine, na kwa maoni yangu ndizo nzuri zaidi kuonyesha wageni. Super Game Boy ya 1994 inachezesha kaseti za Game Boy, ile gemu ya mkononi ya Nintendo, kwenye tivi, humo ndani ni Game Boy nzima, ila inatumia saa ya Super Nintendo kwa hiyo inakwenda mbio kidogo, kama asilimia 2.4. Ile ya pili ya 1998, iliyouzwa Japani, ilirekebisha hilo. Na kile kifaa cha kuchezesha kaseti za Master System, mashine ya Sega ya kabla yake, kwenye Mega Drive, ambacho watu wanadhani ndani mna mashine nzima. Hamna. Mega Drive yenyewe ina Z80 ndani, ubongo uleule wa Master System, kifaa kinapitisha waya na kuongeza kitufe cha pozi. Kuwa makini tu, ile ya kwanza yenye umbo kubwa haikai kwenye Mega Drive ya pili.

Sega Saturn gemu zake ni sidii, lakini ina mdomo wa kaseti nyuma, na kaseti ya Action Replay yenye RAM inafungua nchi na kuongeza kumbukumbu ya meg 4 ambayo X-Men vs. Street Fighter inaitaka. Ubaya wa huo mdomo unalegea haraka. Ichomeke, iache humo humo.

HATUA YA SITA: KUNUNUA

Mitaani kwanza. Waambie mafundi, waambie wauza mitumba, tena usiwaulize "adapta", uliza "kile kitu cha kati cha kaseti" manake wao hawana jina lake na wanakidhania kaseti mbovu isiyo na kibandiko. Mbili zangu zilikuwa kwenye karai la waya Mwembe Tayari.

Za nje, eBay ipo, na kwa minada ya Japani unapitia wakala kama Buyee au ZenMarket, wananunua wanakuwekea, unakusanya vitu vitano sita unatumiwa kwa mzigo mmoja. Usiagize kimoja kimoja, usafiri utakuzidi bei ya kitu. Weka hesabu ya forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hujabonyeza, na risiti iwe ya kweli, kisa cha kuandika zawadi mimi kilinigharimu safari tatu. Ukiwa na ndugu anayekuja likizo, adapta ni ndogo, zinaingia kwenye soksi, muombe kwa heshima na umnunulie halua akirudi.

Ukitumiwa picha na muuzaji, omba picha ya meno kwa karibu na ya ubao wa ndani. Muuzaji anayekataa kufungua mwachie. Wewe ukitaka kufungua, kaseti za Nintendo na Sega zinahitaji bisibisi ya kichwa maalum ya 3.8, baadhi ya mashine zao ni 4.5, ziagize zote mbili kwa pamoja. Za Famicom hazina skrubu, zimebana tu plastiki kwa plastiki, fungua kwa kadi ya simu ya zamani na subira.

HATUA YA SABA: CHUMVI

Miongozo ya wenzetu wa Ulaya haizungumzi hili, wao hawaishi kisiwani kwetu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, meno ya shaba yanageuka kijani hata ukiyaweka kabatini, na adapta ina meno pande mbili kwa hiyo shida ni mara mbili. Nusu ya kaseti "mbovu" nilizonunua zilikuwa chafu tu.

Safisha hivi: raba nyeupe ya shule, sugua meno taratibu kwa upande mmoja, futa unga wake, halafu kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kutoka duka la elektroniki. Spiriti ya duka la dawa nyingine imetiwa mafuta, inaacha utando, na utando unavuta vumbi. Usitumie mafuta ya kulainisha bawaba, na sandpepa iache kwa seremala. Acha ikauke robo saa. Na kupuliza, najua, sote tumepuliza, lakini mate ni maji na maji ndiyo tunayakimbia.

Hifadhi kwenye dishi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, ndani weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, omba maduka ya viatu Biashara Street wanavitupa. Usiliweke vyumba vya juu chini ya mabati, joto linapinda plastiki. Kila adapta iwe na karatasi yake: kutoka wapi kwenda wapi, ina chipu au haina, gemu zipi imegoma. Mwezi wa tano mvua zikikolea fungua dishi zote, badilisha silika, pitisha jicho kwenye meno.

Zangu zimeenea dishi tatu sasa na bado zile kaseti kumi na moja ziko mahali pake Majengo. Nyanya anataka droo yake, ameniambia mara mbili, ana nyuzi za kushonea kofia hazina pa kukaa. Ijumaa nikienda naenda na dishi la nne.